Gauni la Maji ya Mwisho

Siku ya Jumamosi nyumbani kwa Mwalimu Ghati, pale Kibondo, nguo zilifuliwa kwa zamu, na zamu hiyo haikuwahi kubadilika. Yalianza mashati meupe, ya Mwalimu na ya mumewe William, ambayo yalipata maji mapya na sabuni mpya. Katika povu lile lile zikafuata nguo za rangi, kisha za mtoto, kisha mashuka. Mwisho kabisa, maji yakiwa mazito na yana rangi ya chai iliyolala, msichana wa kazi alitumbukiza za kwake. Baada ya hapo maji yalidekia sebule, yaliyobaki yakaenda chooni, na machicha ya povu yakapewa migomba iliyokuwa nyuma ya jiko.

Msichana huyo aliitwa Niyomwungere. Mwalimu, aliyezaliwa Tarime na kupangiwa kazi Kibondo bila kuulizwa, alisema jina lile linamchosha kabla hajalimaliza, akalikata likawa Niyo. Kwao Niyo ni Titye, upande wa Kasulu. Baba yake, Tharsisi, alivuka kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni, na sasa alikuwa raia, ana shamba la maharage na shati la kupigia kura.

Kilikuwa kiangazi cha mwaka 2013. Bomba la mtaa lilikohoa hewa asubuhi, likanyamaza. Vumbi jekundu la barabara ya Nyakanazi lilipanda kila lori lilipopita, likaingia kwenye kola, kwenye mapazia, kwenye unga. Niyo aliteka maji kwenye chemchemi ya bondeni na kuyapandisha kilima kichwani. Mwalimu aliyahurumia sana maji.

Aliuhurumia na umeme. Pasi ya umeme ilikaa kabatini kwa sababu inakula uniti. Pasi ya mkaa iliwashwa mara moja tu kwa wiki: moto ukiwa mkali ilipita kwenye mashati ya kazini, ukipungua ilipita kwenye sketi, na joto la majivu lilimalizikia kwenye vitambaa vya makochi. Nguo za Niyo zilikunjwa zikiwa na unyevu bado, zikalaliwa chini ya godoro lake.

"Godoro nalo ni pasi," Mwalimu alipenda kusema. "Tena halili kitu."

Niyo alikuwa na gauni moja la kutokea, la njano, lenye mikono mifupi. Mama yake alimnunulia kwenye gulio la Kasulu siku alipoondoka nyumbani. Nyingine zilikuwa kanga za kushindia na sketi iliyobaki ya shule ya msingi. Kila Jumamosi alilifua gauni lile katika maji ya mwisho ili alivae Jumapili kanisani, na kila Jumapili lilikuwa safi kiasi cha nguo iliyofuliwa na maji ya mwisho.

Jumamosi moja ya Agosti alilitumbukiza kama kawaida, akalifikicha kwapani, akalifikicha kolani, na maji yakatakata. Yalianza pembeni, taratibu, yakaenda katikati, mpaka jogoo aliyechorwa chini ya beseni akaonekana na upanga wake mwekundu.

"Mama," Niyo aliita. "Maji yametakata."

Mwalimu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akayatazama. Akachovya kidole, akanusa.

"Sabuni bado imo?"

"Imo."

"Basi usimwage. Leta blanketi."

Walifua blanketi, kisha mapazia, kisha viatu vya raba vya William. Kila maji yalipochafuka Niyo alichovya gauni, na kila alipochovya jogoo alirudi. Migomba siku hiyo haikupata kitu.

Gauni lenyewe lilitoka na mambo yote. Lilikuwa na jasho la kola, maziwa aliyocheua mtoto, mawese ya mchuzi wa Jumanne, na upindoni mzunguko mzima wa vumbi la barabara. Madoa hayakuchanganyika. Kila moja lilikaa na umbo lake kama lilivyokuwa kwenye nguo lilikotoka. Wino wa kalamu ya William ulikaa kifuani, pale pale ambapo mfuko wa shati hukaa, ingawa gauni halikuwa na mfuko.

"Litatoka ukilisuuza," Mwalimu alisema, akarudi kwenye sufuria yake.

Niyo alilisuuza. Halikutoka. Jumapili alilivaa kwenda kanisani kwa kuwa hakuwa na jingine. Alijifunga kanga juu yake, na jua lilipokuwa kali wenzake wakafungua zao, yeye hakufungua.

Habari ya maji ilifika kwa majirani kabla ya blanketi kukauka. Wa kwanza kuja alikuwa Nesi Immakulata, wa nyumba ya pili, ambaye alileta sare zake. Mwalimu Yusuph, mtu wa Tanga, alileta kanzu. Mke wa Bazilio alileta mashati ya mumewe, ambaye alikuwa mkandarasi na alikuwa analala Kasulu mara kwa mara kwa ajili ya daraja. Nguo zao zilipita mbele, kwa heshima ya ugeni, gauni la Niyo likabaki mahali pake. Maji ya Jumamosi moja yaliweza kufika Jumamosi nyingine. Foleni ya chemchemi ikapungua, na Niyo mwenyewe alikiri kwamba shingo yake ilikuwa imepata nafuu.

Bwana mmoja wa mambo ya mazingira alipita mtaani akaonyeshwa. Aliuliza kama mtambo huo unahitaji vipuri. Akaambiwa unahitaji gauni. Alilipiga picha beseni, na Niyo akaombwa asogee kidogo asizibe mwanga.

Kila wiki gauni liliongezeka mambo. Likapata chaki ya Mwalimu Yusuph kwenye ncha za mikono mirefu ambayo halikuwa nayo, kwa hiyo chaki ilikaa viwikoni. Likapata damu kutoka kwenye sare ya Nesi, ya zamu moja ambayo Nesi hakupenda kuizungumzia. Na begani, upande wa kushoto, likapata mdomo wa mwanamke, mwekundu, umefunguka kidogo kama unataka kusema kitu.

Mke wa Bazilio aliuona kanisani. Alikuwa amekaa benchi la nyuma, kanga ya Niyo ikateleza wakati wa kuinuka, na mahubiri yote yaliyobaki aliyasikiliza akiutazama. Baada ya ibada alimfuata nje.

"Wewe Niyo. Hii rangi ya mdomo ni ya nani?"

"Sijui, mama. Ilikuja na shati la baba."

Mke wa Bazilio alisimama. Watu walikuwa wakipita wakipeana mikono. Akanyoosha mkono, akairekebisha kanga ya Niyo begani, akaifunga vizuri isiteleze tena.

"Usiwe unaiachia achia," alisema.

Jumamosi iliyofuata alileta shati lile lile pamoja na mengine.

Tangu hapo watu wa mtaa walianza kumsalimia Niyo wakitazama miguu yake. Walikuwa wakimsalimia vizuri tu, hata kumwuliza habari za Titye, lakini macho yao yalitangulia chini. Kanisani benchi lake likawa na nafasi pande zote mbili. Nesi Immakulata akimkuta njiani alikuwa anakumbuka kitu alichosahau nyumbani. Mtoto wa Mwalimu tu ndiye aliyeendelea kumpanda mapajani, akaweka kidole kwenye doa lake la maziwa, akacheka.

Niyo hakumlaumu mtu. Aliona aibu. Hata kwa mambo ambayo hakuyafanya aliona aibu, kwa kuwa ndiye aliyeyavaa.

Mwanzoni mwa Septemba baba yake alipiga simu.

"Bwakeye, mwana wanje," Tharsisi alimsalimia binti yake kwa lugha ya kwao. Alipaza sauti sana kwenye simu, kama Kibondo ni mbali kwa masikio. "Jumapili hii watu wa Pasikali wanakuja kukuona. Na shangazi yao Esteri yumo."

Pasikali alikuwa kijana wa kijiji cha Kitanga, aliyekuwa ananunua maharage vijijini na kuyasukuma kwa baiskeli hadi Kasulu. Siku moja alimkuta Niyo ana mzigo wa kuni mlimani, akashusha gunia lake zima la maharage barabarani ili apakie kuni, akamfikisha nyumbani, kisha akarudi kulifuata gunia. Niyo alimtaka tangu siku ya gunia.

"Nimesikia, baba."

"Esteri huyo anakagua upindo. Binti wa Sylvesta alirudishwa kwa ajili ya upindo, na alikuwa anajua kupika! Vaa lile lako la njano. Lile linakutoa."

"Ndiyo, baba."

Alikata simu, akaenda chumbani, akalitoa gauni chini ya godoro. Lilikuwa limenyooka vizuri. Alilitazama mbele, akalitazama nyuma, akalirudisha.

Alimsubiri Mwalimu amalize kula. Alipokuja kuondoa sahani alipiga goti kidogo, kama alivyofundishwa kwao.

"Mama, nina ombi."

"Sema."

"Jumamosi hii naomba gauni langu lianze."

"Lianze wapi?"

"Kwenye maji mapya. Likianza litatakata. Nina wageni nyumbani Jumapili, wa… wageni wa kuniona mimi."

William aliyekuwa anachokonoa meno aliacha. Mwalimu alimtazama Niyo, kisha akatazama ukutani kama anayelitafuta gauni pale, kisha akacheka.

"Na hilo nalo ni jambo la kupigia goti? Utaanza wewe! Hata usisubiri Jumamosi. Kumbe binti yetu ana wakwe, halafu kanyamaza kimya!"

Niyo aliziba mdomo kwa mkono, akaingia jikoni na sahani. Akasikika anaimba kidogo huko, jambo ambalo halikuwa kawaida.

Mwalimu alikuwa na nia nzuri, na Ijumaa aliitimiza. Alirudi kutoka shuleni mapema Niyo akiwa bondeni, akatoa maji mapya kwenye pipa, akakatia kipande cha sabuni ya mche, akalitumbukiza gauni la njano kwa mikono yake mwenyewe. Maji yaligeuka meusi papo hapo. Yalikuwa mazito kuliko uji wa ulezi, na yalinuka chumba chenye watu wengi. Gauni lilipanda kutoka humo njano tupu, kama lilivyokuwa gulioni, hata mshono ulionekana. Mwalimu alilianika, akalivuta vuta upindo, akafurahi.

Kisha akabaki na maji meusi.

Hakuwa mtu wa kumwaga maji. Alitafuta cha kufulia, na kilichokuwa karibu kilikuwa kitenge chake, kile alichopewa na mama yake siku ya harusi Tarime, ambacho alikuwa anakivaa nyumbani tu. Alikitumbukiza. Alikifikicha kidogo. Maji yakatakata mpaka kwa jogoo.

Alikinyanyua kitenge, na wino ulikuwemo, na jasho la kola zote, na damu ya Nesi, na mdomo wa Kasulu ulikuwa juu kabisa, unamtazama.

Kwa hiyo halikuwa gauni. Ilikuwa zamu. Nguo yoyote ya mtu yeyote, ikiingia ya mwisho, ingebeba. Mwalimu alielewa hapo hapo, kitenge kikimchuruzikia miguuni. Alikianika nyuma ya nyumba, upande wa migomba.

Niyo alipanda na ndoo, akaliona gauni kambani, akasimama nalo uso kwa uso ndoo ikiwa bado kichwani. Akaitua. Akaligusa upindo kwa kidole kimoja.

"Asante, mama. Mungu akuzidishie."

"Karibu," Mwalimu alisema. Alikuwa anachambua mchele, na hakugeuka.

Jioni alikivaa kitenge, kwa sababu ndicho alichokivaa kila jioni, na kwa sababu alitaka kuona kama kinaonekana sana. Nesi Immakulata alikuja kuomba chumvi. Alisimama mlangoni, akaiona damu yake kwenye paja la Mwalimu, akasema usiku mwema jua likiwa bado lipo, akaondoka bila chumvi. William alikula akitazama redio.

"Hicho kitambaa kina mdomo wa nani?" aliuliza mwishoni.

"Wa Kasulu."

"Ulienda Kasulu lini?"

"Sijaenda."

William aliongeza sauti ya redio. Mwalimu alikusanya vyombo mwenyewe. Alipopita dirishani mtu fulani alimsalimia kutoka barabarani, Mwalimu akaona macho ya mtu huyo yanatafuta miguu yake, na miguu ilikuwa nyuma ya ukuta. Aliingia chumbani, akakivua kitenge, akakikunja doa likiwa ndani.

Jumamosi majirani walikuja na mabeseni yao kama kawaida, wakipiga soga kuhusu mvua. Gauni la njano lilikuwa kambani, kavu. Niyo alikuwa amemwaga maji mapya na alikuwa anakata sabuni. Mwalimu alitoka na nguo za nyumba, na chini ya mashati meupe alikuwa amebeba kitenge.

"Leo Niyo hafui," alisema. "Lake limekwisha fuliwa. Kwa hiyo mmoja wetu ndiye atakuwa wa mwisho. Ni nguo yoyote tu. Nimejaribu."

Soga ya mvua iliisha.

Mwalimu Yusuph alikuwa wa kwanza kusema. Alisema kanzu yake ni ya kusalia. Nesi Immakulata alisema sare si yake, ni mali ya serikali, na yeye angefurahi kama ingekuwa yake. Mke wa Bazilio alikumbuka kwamba ameacha maharage motoni, lakini hakuondoka kuyafuata. Alishika mashati ya mumewe kifuani kwa mikono miwili.

"Tuweke tambara," alisema Mwalimu Yusuph.

Likawa wazo zuri. Walifua kidogo, mashati mawili matatu na kitenge, ambacho Mwalimu Ghati alikiingiza mapema, katika maji ya kwanza, mkono wake ukikizamisha kabla hakijafunuka. Maji yalipokuwa meusi wakatupia tambara la kudekia. Walisubiri. Wakalikoroga kwa mti. Maji yalibaki meusi. Tambara halikuwa la mtu.

Hakuna aliyetaja kamba. Walitazama mabeseni, wakatazama pipa, wakatazama kuku aliyekuwa anaparua kwenye majivu ya pasi. Upepo ulipita, gauni likajigeuza upande mmoja, na kila mmoja akajifanya hajaona kitu cha njano.

"Niyo," Mwalimu alisema. "Lete gauni."

"Mama, limeshakauka."

"Lete, mwanangu. Kwa leo tu. Nitakuazima langu la zambarau, lile la mahafali. Hao wakwe watakuona malkia."

"Mwalimu, una moyo!" alisema Nesi Immakulata.

"Zambarau ile? Ile ya mahafali?" alisema mke wa Bazilio. "Mimi nisingeweza. Jamani, kuna watu wana moyo." Akapiga makofi, na Mwalimu Yusuph naye akapiga kidogo.

Niyo alitazama uso wa Mwalimu, lakini haukuwa unapatikana. Akaenda kambani. Alitoa vibanio kimoja kimoja, akavirudisha kwenye kopo lake. Alilitumbukiza gauni yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akalifikicha kwapani, akalifikicha kolani, na jogoo akaonekana.

Titye, siku ya Jumapili, Esteri aliketi kwenye kiti cha heshima na kata ya pombe ya ndizi, dada zake wakiwa kwenye mkeka. Pasikali alibaki nje na baiskeli kama desturi. Niyo aliingia na maji ya kunawa. Gauni la zambarau lilikuwa pana, limebanwa mgongoni kwa pini, na lilimfanya atembee kama amebeba trei.

Esteri alimwita karibu. Akainama, akaugeuza upindo, akaugeuza tena.

"Safi," alisema. Tharsisi akashusha pumzi mlangoni. Kisha mkono wa Esteri ukapanda mgongoni, ukaipata pini, ukaichomoa, na gauni likamporomoka Niyo mabegani.

"Hili si lako."

"Si langu, shangazi."

"Lako liko wapi?"

"Liko kazini."

Dada mmoja wa Esteri alicheka, akaona mwenyewe hajachekesha. Esteri aliirudisha pini mahali pake, polepole, asimchome. Yeye naye ujanani alifua nguo kwenye nyumba za watu, huko Kigoma mjini. Alikunywa, akafuta mdomo.

"Tharsisi, binti tumempenda. Ila watu wetu hawachukui mtu nusu. Hilo gauni nitalifuata mimi."

Alifika Kibondo katikati ya wiki. Mwalimu alimkuta ameketi kwenye jiwe la kufulia, viatu amevivua amevipanga pembeni.

"Mwakeye," Esteri alimsalimia. "Nimefuata gauni la mkamwana wangu."

"Karibu ndani, mama. Leo tumelichovya tena, bado halijakauka."

"Nitasubiri."

Jua la kiangazi halikumpa Mwalimu muda. Gauni lilikuwa limeanikwa upande wa migomba, na lilikauka wakati chai inapoa. Esteri aliliteremsha mwenyewe, akalitandaza mapajani, madoa juu.

"Hili la nani?"

"La mume wangu. Wino."

"Hili?"

"La Nesi."

"Huu mdomo?"

"Wa watu wa Kasulu. Ulikuja na shati la jirani."

Mwalimu aliyataja yote kwa sauti ya chini, kama anayeita majina ya watoro. Chaki, maziwa, mawese, vumbi. Walipofika upindoni Esteri akainua macho.

"Na la kwako wewe?"

Mwalimu alitafuta. Alitafuta kolani, akatafuta kwapani, akaligeuza nyuma. Ndipo akalishika gauni kwa mabega, mikono miwili, kama mtu anayempima mtoto nguo.

"Lote," alisema.

"Haya," alisema Esteri. Akalikunja, akavaa viatu, akakataa chai.

Niyo aliolewa baada ya mvua za kwanza. Habari zake zililetwa sokoni Kibondo na Pasikali mwenyewe, aliyekuja na magunia. Alisema nyumbani kwao kuna kijito, maji hayakatiki, na siku ya kwanza ya kufua Niyo alikwenda na kikapu, gauni la njano likiwa juu, kwa kuwa sasa angeweza kuanza nalo. Alisimama kwenye jiwe. Kule kijito kinakoteremkia, wanawake wa kijiji kingine walikuwa wanaosha mihogo, na mmoja alikuwa anafulia nepi. Niyo aliwatazama, akalitoa gauni kwenye kikapu, akalitundika mtini, akafua nguo nyingine.

"Analivaa kulimia," Pasikali alisema. "Mdomo ule watu wameuzoea. Tunautania tu. Nipime kiasi gani, Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa ameshika maharage kiganjani. Aliyarudisha kwenye gunia. Kisha akasema apimiwe debe, kwa kuwa nyumbani yalikuwa yamekwisha.

Kwa muda baada ya Niyo kuondoka mtaa ulifua bila wa mwisho. Kila nguo ilipata maji yake, na maji yakamwagwa machafu. Jumamosi ya kwanza pipa lilikuwa tupu kabla ya mashuka. Mvua zilikuwa bado za kubabaisha, na bomba lilikuwa bado linakohoa. Mwalimu alijitwika ndoo, akashuka bondeni mwenyewe, wanafunzi wake wakampisha foleni kwa adabu. Alipanda kilima akipumzika kila kwenye mti. Jumatatu alifundisha akiwa hawezi kugeuza shingo, akaandika ubao mzima bila kutazama darasa, na siku hiyo alishukuru kwamba hawezi kugeuka.

Yusta, msichana mpya wa kazi, alifika Ijumaa, kutoka Kitanga, na mfuko wake wa nailoni. Alikuwa binti mpole mwenye mikono mikubwa. Mwalimu alimpokea vizuri, akampa chai yenye maziwa, akamwonyesha godoro na akamweleza kuhusu pasi.

Jumamosi asubuhi majirani walikuja na mabeseni bila kuitwa na mtu. Walimsalimia Yusta, wakamwuliza habari za Kitanga, wakitazama miguu yake. Walijipanga ukutani. Hakuna aliyezungumzia mvua.

Mwalimu alimwaga maji mapya kwenye beseni.

"Yusta," alisema. "Una gauni la kutokea?"

"Ninalo, mama. La kijani."

"Lilete."

Yusta alikwenda ndani mbio, amefurahi kuulizwa. Mwalimu aliinama juu ya beseni kumsubiri. Maji yalikuwa bado masafi, jogoo alikuwa chini, na juu ya jogoo ulikuwepo uso wake. Akachukua sabuni, akaikoroga haraka haraka mpaka povu likaufunika.